Nilivyofungua Meno Tosha Kule Goma

Jumapili ile mlipokuja nyumbani na maandazi yenu mlitaka kujua jambo moja tu, ila kwa adabu zenu mkalizungushazungusha: nimeshindwa au sijashindwa? Asha alinikagua mashavu akasema nimekonda. Deo akauliza kiti changu cha meno kimebaki na nani, kana kwamba anauliza habari za marehemu. Nami nilikuwa na uchovu wa basi, nikajibu ovyo. Sasa nimeshalala, nimeshakula samaki wa kwetu, naandika yote tangu mwanzo. Someni, halafu mwamue wenyewe. Mkiamua vibaya, shauri yenu.

Mwanzo wake mnaujua. Mama Nsimire, mfanyabiashara wa Goma, alikuja Kirumba kununua dagaa huku shavu limevimba. Watu watatu walishamwambia jino ling'olewe. Mimi nikalisafisha mzizi, nikaliziba, akaondoka nalo mdomoni. Aliporudi safari ya pili alinikumbatia mbele ya wagonjwa, akasema kwao jino likiuma tu linaaga, na kwamba mtu kama mimi angekuwa baraka Goma. Kwa kweli mwenyewe nilikuwa nimechoka kung'oa. Tajiri wa kliniki yetu alipenda kung'oa kwa kuwa ni kazi ya haraka, na mimi sikusomea meno ili niwe koleo. Nikaota kliniki ambayo mtu akizeeka bado ana meno ya kutosha kutafuna nyama pamoja na wajukuu. Ndipo likaja lile jina, Meno Tosha. Wote mlilipigia makofi. Asha ndiye aliyechora herufi za kibao, kwa hiyo dhambi hii tunagawana.

Mlisema Goma kuna vita. Nikawajibu kwamba wenye vita nao wana meno.

Mwanza hadi Kigali

Kiti changu kilikuwa cha kukunja, cha kubebeka, lakini ukikiona kimefungwa kwenye turubai utadhani ni mtu. Kondakta hakutaka kikae chini na mizigo kwa sababu alishaahidi nafasi ile kwa magunia ya mtu mwingine, basi kikakaa nyuma, kimesimama, na abiria wakawa wanageuka kukitazama. Baba mmoja wa Ngara alinipa pole ya msiba. Nikamwambia si msiba, ni kiti cha kutibia meno. Akafikiri kidogo, akafungua mdomo, akanionyesha gego la chini. Nilimchungulia kwa tochi ya simu huku basi linayumba baada ya Nyakanazi, na kabla hatujafika Rusumo nilikuwa nimechungulia nusu ya basi. Huo ndio uzinduzi wa kliniki yangu, kama mlikuwa hamjui.

Mpakani tulikaa sana. Ofisa aliamini kiti ni cha saluni, na mimi nilivyo mkaidi sikukubali kuitwa kinyozi hata kama ingenirahisishia mambo. Tulibishana mpaka basi likaanza kupiga honi. Mwishowe yule baba wa Ngara, ambaye hata hakuwa anavuka, alikuja akafungua mdomo wake mbele ya ofisa, akaonyesha gego lake na kusema huyu mama amesema linatibika. Tukaruhusiwa.

Kigali nililala, nikala viazi, nikaendelea. Sina la kuwaambia kuhusu Kigali isipokuwa kwamba ni safi na nilikuwa na baridi.

Gisenyi, nilipokataa kukamatwa

Barabara ya kutoka Musanze kushuka Gisenyi ni nzuri ya kuogopesha, milima imelimwa mpaka kileleni. Nilifika mchana, ziwa upande mmoja, na mbele kidogo Goma yenyewe, yaani ungerusha jiwe likaangukia Kongo. Nikampigia Mama Nsimire. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Usiogope, Mama Dokta," akasema. "Weye kuja tu. Batakukamata ku barieri."

Barieri nilijua ni kizuizi cha mpakani. Na kukamatwa nilijua ni kukamatwa. Nikamuuliza kwa kosa gani. Akacheka, akasema kijana wake ameshafika, yuko tayari kabisa, atanikamata mimi na kiti, simu ikakatika.

Sikuvuka. Nilikaa kwenye mgahawa mmoja nikala mishikaki ya mbuzi na viazi, nikatafakari kama ni biashara ya utekaji nimejiingiza kwa miguu yangu. Nilisema moyoni, mama huyu nilimtibu jino, na hivi ndivyo anavyolipa. Jua likazama nikiwa bado Gisenyi, nikachukua chumba, nikafunga mlango na kuegemeza kiti nyuma yake.

Asubuhi Mama Nsimire alivuka mwenyewe kunifuata, mwanamke mnene mwenye kikwembe kipya, ndivyo wanavyoita kitenge, rozari shingoni, na hasira. Akaniuliza kwa nini nimemwacha kijana wa watu amesimama juani siku nzima. Nilipomweleza nilichosikia alikaa chini kwa kicheko. Kumbe kwao kukamata ni kupokea tu. Unakamata maji, unakamata chai, unakamata mgeni mpakani ukamsaidia mizigo. Kiti kilivuka juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya baba mmoja mlemavu anayevusha mizigo hapo, naye alikiendesha kwa mikono kati ya umati huku akipaza sauti watu wampishe. Nilivuka nyuma yake nimetahayari, nikijiambia Kiswahili chao sasa nimekielewa. Lo, kujidanganya ni kutamu.

Ndosho

Ndosho iko magharibi ya mji, mahali ambapo chini ni jiwe jeusi la volkeno na kila kitu kimejengwa juu ya jiwe hilo na kwa jiwe hilo hilo: ukuta, ngazi, choo. Kushoto kwa kliniki yangu palikuwa na fundi wa kuchomelea mageti, kulia washona nguo, mbele yake pikipiki zinapita tangu alfajiri na vumbi lake linaingia hadi kwenye chai. Chumba kimoja, pazia, jiko la kuchemshia vifaa, kiti. Juu ya mlango nikatundika kibao cha Asha, herufi nyekundu: MENO TOSHA.

Mambo yakaanza vizuri kupita kiasi. Siku ya kwanza nilikuta watu wanasubiri nje kabla sijafungua. Nikajua sifa zangu zimetangulia. Lakini kila aliyeketi kwenye kiti alikuwa na ombi moja: toa. Si kwamba wote walikuwa na maumivu makali. Alikuja askari mmoja kutoka kambi ya Katindo, mtu wa miraba minne, jino lake lina tundu dogo la kuzibika, akashangaa nilipomwambia nitaliziba. Akaniuliza kama hii si ile nyumba ya kutosha. Nikamjibu kwa fahari kuwa ndiyo hasa, na kwamba nikimaliza atakuwa na meno ya kutosha. Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa, akatoka bila kuaga.

Nilimlalamikia Mama Nsimire kwamba watu wake wana mapenzi ya ajabu na koleo. Akasema hata yeye anaona wateja wamepotea hivyo hivyo, wanaingia wanatoka. Akanishauri nilegeze msimamo, ning'oe kidogo, angalau yale yaliyooza. Kila asubuhi tulibishana hivyo. Nikamwambia yale yaliyooza kabisa nayang'oa, lakini sikupanda basi kutoka Mwanza kuja kufanya nilichokimbia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila mimi niliamua nitayaoga kwa sabuni yangu.

Ndipo akaja Mama Amani.

Alikuwa binti mdogo wa umri wa wasichana wa shule, ametoka Rutshuru kwa minibasi, mgongoni ana mtoto wa miezi mitano. Mtoto alikuwa na homa na anaharisha. Akamfungua mdomo, akanionyesha ufizi, vile vivimbe vyeupe vya meno ambayo bado hayajatoka, na akasema hiyo ndiyo meno mbaya inayomwua mtoto, mama mkwe wake amesema iondolewe haraka. Msijifanye mnashangaa. Hata huku kwetu yapo, tunayaita meno ya plastiki, na kuna watu wanachimba ufizi wa mtoto kwa njiti ya baiskeli kisha wanaonyesha kijijino kichanga wakisema ugonjwa ni huu. Nimeshaona mtoto aliyefanyiwa hivyo. Sisahau.

Hasira zilinipanda. Nikamhubiria kirefu, kwamba ugonjwa uko tumboni, meno hayana kosa, na asithubutu kumpa uji wala maji ya mtoni wala dawa za majani. Nikampa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji yaliyochemshwa. Alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ile meno mubaya, Mama Dokta, inatoka ku fasi gani?"

Kwamba yanatoka wapi. Nikaona huyu bado yuko kwenye meno tu.

"Achana na hayo," nikamwambia. "Maziwa yako yanatosha."

Aliniangalia kwa mshtuko. Nikadhani ni mshtuko wa kuelimika. Akamfunga mtoto mgongoni, akashukuru, akaondoka, nami nilijisikia kwamba hata kliniki ikifa kesho, leo nimeokoa mtu mmoja.

Sombe iliyopoa

Siku ya pili yake tulikula mchana kwa Mama Nsimire. Alipika sombe, hayo majani ya muhogo wanayoyatwanga na kuyachemsha mpaka yanalainika, na sambaza wa kukaanga ambao nawaambieni ukweli wanawashinda dagaa wetu. Nikamsimulia habari ya Mama Amani kwa majigambo. Nikamrudia mpaka yale maneno ya mwisho.

Mkono wake ulisimama hewani na tonge.

"Ulimuambia je?"

Nikarudia. Maziwa yako yanatosha.

Akaweka tonge chini. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, kwetu kutosha ni nini. Nikasema ni kuwa na kiasi, kufikia. Akajishika kichwa.

"Mama yangu," akasema. "Ku kwetu kitu ikifika tunasemaka inaenea. Kutosha ni kufanya kitu itoke. Unatosha viatu. Unatosha jino."

Hapo yote yaliniangukia kwa pamoja. Foleni ya siku ya kwanza. Yule askari wa Katindo. Kibao changu chekundu kilikuwa kinawaambia watu wa Ndosho: meno, ng'oa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema alidhani ni ujanja wa biashara, kwamba nimevutia watu kwa neno wanalolitaka ili nikiwapata ndani niwatibu ninavyotaka, na alikuwa amenisifu kwa majirani kwa akili hiyo. Siku nyingine tungecheka mpaka machozi.

Lakini yule binti alikuwa ameniuliza ile meno mbaya inatoka wapi. Na mimi, daktari wake, nilimjibu: achana nayo, maziwa yako ndiyo yanayoifanya ichomoze, yaani usimnyonyeshe.

Hatukumaliza chakula. Sombe ilibaki pale inapoa na sisi tumeshafika barabarani tunaita pikipiki.

Barabara ya Rutshuru

Kituoni Mama Nsimire aliuliza dereva mmoja mmoja hadi akampata aliyempakia yule binti. Naye alikuwa anasubiri gari lijae. Hakuna kitu kinachojaa taratibu kama gari unaloliharakia. Nilimwomba tuondoke, akaniambia kwa upole kwamba gari ni la wote. Mama mmoja akaingia na mabati, wakashindana yatafungwaje juu. Mwingine akashuka kufuata mafuta ya kupikia. Niliwachukia watu wale wote bila kosa lolote.

Tulipoondoka mvua ikashika. Kushoto ule mlima wa volkeno unafuka moshi kama kawaida yake na hakuna aliyeuangalia. Kwenye vizuizi vijana wenye silaha walitushusha, wakatazama vitambulisho, wakanitazama mimi. Kwenye kimoja wakataka kujua Mtanzania anakwenda kufanya nini Rutshuru. Nikasema nimekosea neno, naenda kulisahihisha. Kijana akasubiri niendelee. Mama Nsimire akaingilia, akasema ni munganga wa meno, kuna mtoto mgonjwa, na akamtaja Bikira Maria mara kadhaa. Tukapita.

Njiani aliniambia nijiandae. Kama mtoto amekufa, alisema, nisizungumze, yeye ndiye atakayezungumza, na gari halitazimwa. Nilimwambia kama amekufa nitashuka na nitazungumza mwenyewe. Alinitazama, akarudi kwenye rozari yake. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa hadi meno yangu mwenyewe yakawa yanagongana, lakini hofu na kukimbia ni vitu viwili.

Uani kwa Koko

Dereva alitufikisha hadi nyumbani kwao, nyuma ya soko, ua mpana uliofagiliwa, migomba pembeni. Mtoto alikuwa hai.

Alikuwa mapajani mwa bibi yake, yule mama mkwe, ambaye wote humwita Koko, mwanamke mrefu mwembamba mwenye macho ya kupima watu. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, midomo mikavu, halii. Kando yake kulikuwa na bakuli la maji ya sukari. Mama Amani alikuwa amekaa mbali na mtoto wake kwa makusudi, kifua amekifunga kwa kikwembe, kimebana, maziwa yamelowesha nguo. Aliponiona alisimama. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilifanya vile ulisema," akaniambia. "Nilikatala kumunyonyesha. Weye njo ulisema maziwa yangu inatosha ile meno."

Papa Amani, mumewe, kijana wa pikipiki, alikuja akasimama mlangoni mwa ua. Mgonga ufizi, yule wa kuchimba meno ya watoto kwa njiti, alikuwa ameshaitwa, yuko njiani. Mama Nsimire alinivuta kikwembe, akaninong'oneza kwamba kuna njia nyepesi: nitie kidole mdomoni mwa mtoto, nifanye kama nimefanya kitu, niseme nimeshayatosha. Wataridhika, mama atanyonyesha, mtoto atapona, tutaondoka salama.

Wenzangu, ile njia ilikuwa nyepesi kweli. Nikaifikiria kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha nikaona mtoto mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo mwaka kesho, akiwa na homa, na Koko akisema kumbukeni, wa kwanza alipona baada ya kutolewa. Nikasema hapana. Nikasimama katikati ya ua, nikatumia maneno yao kadiri nilivyoweza.

Nikasema nimekosa mimi, si mama mtoto. Kwetu neno lile lina maana nyingine. Nilitaka kusema maziwa yako inaenea. Mtoto anakufa kwa kukosa maji mwilini, na maji hayo yamo kifuani mwa mama yake. Hakuna jino la kutosha hapa.

Koko hakutikisika. "Na kama mutoto anakufa?"

"Niko hapa," nikasema. "Siendi."

"Hauendi," akasema Papa Amani kutoka mlangoni, na akafunga geti. Tulikuwa tumesema neno moja, lakini kila mtu kwa sababu yake.

Nikampigia magoti Koko, nikamshika kidole chake na kukiingiza kinywani mwa mjukuu wake. Nikamwambia apapase. Hiyo unayoisikia ni jino lake, Koko, ni lake la kutafunia, limekuja na yeye kutoka tumboni. Alipapasa muda mrefu. Mgonga ufizi alipofika, mama wa heshima tu, na njiti yake amefunga kwenye kitambaa safi, Koko alimpa kigoda na kumwambia angoje.

Mama Amani alifungua kikwembe. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Tukamkamua maziwa kwenye kikombe, tukampa kwa kijiko, tone baada ya tone, na maji ya pakiti katikati. Nesi wa kituo cha afya alikuja jioni, akamkagua, akasema tunachofanya ndicho, tuendelee, na asubuhi tumlete. Nilikula ugali wa watu wale wale walionifungia geti, na walinipa kipande kikubwa cha nyama, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mfungwa. Mgonga ufizi alichoka kungoja, akaondoka akiwa amenuna.

Asubuhi kwenye njia ya kituo, mgongoni kwa mama yake, Amani alilia. Kilio kidogo cha hasira. Mama Amani akasimama, akamgeuza, akamtazama usoni, akaanza kupiga kelele kwamba ana machozi. Watu wa sokoni walidhani kuna msiba. Nililia barabarani Rutshuru, nimesimama kwenye tope, na yeyote anayetaka kunicheka na anicheke.

Ndosho tena

Sasa jibu la swali lenu. Habari zilienea Ndosho kabla sijafika: kuna daktari aliyefungiwa geti na bado akakataa kutoa jino. Watu wakanipa jina, Mama Hatoshi. Kwao ni mama asiyeng'oa. Ninyi mkilisikia hapa Mwanza mtacheka, kwa sababu kwetu ni mama asiyeiweza kazi. Nilikishusha kibao cha Asha, nikamwita mchoraji wa jirani, nikamwambia aandike hilo hilo walilonipa. Mama Nsimire alisema nimerukwa na akili. Wateja walipungua mpaka yule fundi wa mageti akawa ananiletea chai kwa huruma. Kwa hiyo Deo, kiti kiko palepale, na mwenyewe nimekuja tu kuchukua vifaa na kuwaaga vizuri. Kama huko ni kushindwa, basi nimeshindwa na ninarudi Alhamisi.

Kinachonirudisha Goma ni hiki. Asubuhi moja minibasi ya Rutshuru ilimshusha Koko mbele ya mlango wangu. Amefunga kikwembe cha kanisani, peke yake. Nilidhani ameleta jino, nikamkaribisha kitini. Hakukaa. Aliuliza hali ya Mama Nsimire, akasema Amani ananenepa, anavuta nywele za watu. Nje fundi wa mageti alikuwa anapiga chuma, Koko akangoja amalize.

"Weye haudanganyake," akasema. "Walikuambia udanganye, ukakatala. Njo sababu nimekuja kwako."

Nikamwambia aulize.

"Mutoto yangu wa kwanza aliitwa Bahati. Alikuwa na ile meno. Mi mwenyewe nilimushika kichwa, bakamutosha. Siku ya tatu alikufa. Balisema tulichelewa." Akanitazama na yale macho ya kupima. "Sasa Bahati alikufa juu ya nini?"

Rafiki zangu, mbele ya geti la Papa Amani sikutamani kuwa mwongo. Pale nilitamani. Nilitafuta neno lolote laini, kwa Kiswahili cha popote, nikalikosa. Nikamshika mikono.

"Juu ya kidonda, Koko. Haikuwa meno."

Hakulia. Alirudia kimya kimya neno kidonda, kama anajifunza. Alikaa hatimaye, pembeni mwa kiti, akatazama mlango kwa muda mrefu, watu wanapita, pikipiki zinapita. Nilimwambia yeye hakujua, aliyemwambia naye hakujua. Alinyanyua mkono ninyamaze. Kisha akasimama, akajifunga kikwembe upya, akakikaza.

"Binti yangu mudogo iko Kiwanja, pale karibu na Rutshuru, amezaa juma hii," akasema. "Na jirani yake amezaa. Na kuna bengine. Mi nitasema ya Bahati, weye utasema ya meno. Twende."

Nilimwambia kuna mgonjwa nimemwahidi saa nne. Akasema nimwambie arudi kesho.

Nikavua koti, nikafunga mlango, tukaenda.